Lebo Chache, Njia Ileile: Ufupishaji wa Maagizo katika Mitandao ya Mawasiliano

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya bahari inayoiunganisha Afrika ya Mashariki na sehemu nyingine za dunia, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja katika bahari iliyo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kwa watumiaji wengi intaneti ilidhoofika au ilitoweka kabisa. Miezi michache kabla yake, Februari 2024, mikongo kadhaa ilikuwa imekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu, ukiwamo wa Seacom, hata mlango wa kaskazini nao ukawa umebanwa.

Mikongo ya EASSy na Seacom ina majina tofauti na wenyewe tofauti. Wa Seacom ulianza kazi mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Katika karatasi hizo ni njia mbili. Siku ile zilikuwa kama njia moja. Tukio hilo linakumbusha jambo ambalo wahandisi wa mitandao hawana budi kulizingatia siku zote, baharini na nchi kavu pia: haitoshi kuwa na njia mbili. Lazima ijulikane kila njia inapita wapi, na lazima habari zilizoagizwa kupita njia ya pili zipite huko kweli.

Makala haya yanaeleza sehemu moja ya elimu hiyo, nayo ni jinsi mashine za mtandao zinavyopewa maagizo ya kufuata njia yenye masharti, kwa nini maagizo hayo hufupishwa, na ni hatari gani iliyojificha ndani ya ufupisho huo.

NJIA FUPI NA NJIA INAYOTAKIWA

Habari inayosafiri katika mtandao hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya kule iendako. Katika makutano ya mtandao huwekwa mashine ziitwazo ruta, ambazo kazi yake ni kuisoma anwani na kuisukuma pakiti katika kiungo kifaacho. Ili ziweze kufanya hivyo, ruta za mtandao mmoja huarifiana hali ya viungo vyao, hata kila moja ikawa na ramani nzima ya mtandao. Kila kiungo hupewa tarakimu iitwayo gharama, ambayo msimamizi huipanga kwa kufuata umbali wa kiungo, uwezo wake au bei yake. Kisha kila ruta hukokotoa njia yenye jumla ndogo kabisa ya gharama kutoka kwake hadi kila kituo.

Kanuni ya ukokotoaji huo ilibuniwa mwaka 1956 mjini Amsterdam na Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Kiholanzi, alipokuwa akitafuta swali litakalowaonyesha watu wa kawaida uwezo wa kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Alitumia ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Baadaye alisimulia kwamba kanuni hiyo ilimjia kwa muda wa dakika 20 hivi akiwa amekaa mkahawani, bila kalamu wala karatasi. Aliichapisha mwaka 1959, na hadi leo ndiyo roho ya ruta nyingi duniani.

Njia fupi ina sifa moja kubwa: haihitaji maagizo. Maadamu ruta zote zina ramani moja na kanuni moja, zitakubaliana bila ya kuulizana. Lakini si kila mzigo ufaao kupita njia fupi. Pengine kiungo kimoja katika njia hiyo kimekwisha kujaa. Pengine mwenye mazungumzo ya simu anahitaji njia isiyochelewesha, hata kama ni ya gharama zaidi. Na pengine, kama tukio la Mei 2024 linavyofundisha, hutakiwa njia ya pili isiyoshiriki mtaro mmoja na ile ya kwanza, ili ajali moja isizikate zote mbili. Haya ndiyo huitwa masharti ya njia.

Kuipata njia yenye masharti si kazi ngumu. Kwanza viungo vyote visivyotimiza masharti hufutwa katika ramani. Kisha kanuni ya Dijkstra hutumiwa juu ya ramani iliyobaki. Ugumu huanza baada ya hapo. Njia imejulikana kwa yule aliyeikokotoa tu. Ruta za katikati hazijui kwamba kuna masharti, wala hazijui ni viungo gani vilivyofutwa. Zikiachiwa pakiti isiyo na maelezo yoyote, zitairudisha katika njia fupi ya kawaida. Kwa hiyo pakiti haina budi kubebeshwa maagizo.

LEBO NA RUNDO LAKE

Maagizo hayo hubebwa kwa lebo. Utaratibu wa lebo, unaojulikana kimataifa kwa herufi MPLS, uliwekewa kanuni zake rasmi Januari 2001. Lebo ni neno fupi la biti 32, yaani baiti 4, linalobandikwa mbele ya pakiti. Kati ya biti hizo, 20 ni nambari ya lebo yenyewe, 3 huonyesha daraja la huduma, 1 husema kama lebo hiyo ndiyo ya chini kabisa, na 8 huhesabu umri wa pakiti ili isizunguke mtandaoni milele. Biti 20 hutoa nambari 1,048,576, na 16 za mwanzo zimetengwa kwa kazi maalumu. Lebo zaweza kupangwa moja juu ya nyingine kama sahani, na mpango huo ndio uitwao rundo la lebo. Ruta husoma ya juu tu. Ikiisha kulitimiza agizo lake huiondoa, na ya pili hushika nafasi yake.

Hapo mwanzo njia zenye masharti ziliwekwa kwa namna nyingine. Ruta ya mwanzo ilituma ujumbe kupitia njia yote, na kila ruta iliyopo njiani iliandika kumbukumbu ya njia hiyo. Pakiti ilibeba lebo moja tu ya njia, kwa kuwa akili ilikuwa imetawanywa katika ruta zenyewe. Utaratibu huo ungali unatumika mahali pengi, lakini una mzigo wake. Mtandao wa ruta 100, ambamo kila moja inataka njia ya kwenda kwa kila nyingine, unahitaji njia 9,900. Na kila njia ni kumbukumbu ya kutunzwa na kuhuishwa katika kila ruta inayopitiwa.

Utaratibu mpya zaidi, uelekezaji kwa vipande, ambao msingi wake ulichapishwa rasmi Julai 2018, uligeuza jambo hilo. Ruta za katikati hazikumbuki njia ya mtu yeyote. Ruta ya mwanzo huyaandika maagizo yote juu ya pakiti yenyewe, kwa rundo la lebo. Kwa makusudi ya makala haya zatosha aina mbili za lebo. Ya kwanza ni lebo ya kituo, nayo husema: “Nifikishe kituo fulani kwa njia fupi ya kawaida.” Ya pili ni lebo ya kiungo, nayo husema: “Nipitishe katika kiungo hiki hasa, hata kama si njia fupi.”

KWA NINI RUNDO LIWE FUPI

Namna rahisi ya kuandika njia ni kutumia lebo moja ya kiungo kwa kila hatua. Njia ya hatua 12 itakuwa na lebo 12. Namna hiyo ni sahihi kabisa, lakini ina kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza, na iliyo kubwa, ni kwamba chombo kinachobandika lebo ndani ya ruta kimeundwa kubandika idadi maalumu tu kwa mpito mmoja. Vifaa vingi vya zamani havikuweza kuzidi lebo 3 hadi 5; vipya hufikia 10 au zaidi. Rundo likizidi kikomo hicho, njia haiwezi kuwekwa. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni zinazoziwezesha ruta kutangaza kikomo chao katika ramani, ili anayekokotoa asiagize lisilowezekana. Njia bora isiyoweza kuandikwa haina faida kwa mtu.

Kasoro ya pili ni uzito. Katika aina moja ya simu za intaneti iliyoenea, pakiti hubeba baiti 20 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo mengine, jumla 60. Lebo 10 huiongezea baiti 40, yaani theluthi mbili ya uzito wake wa awali. Ni sawa na mchuuzi ambaye kikapu chake karibu kilingane na mzigo. Kasoro ya tatu ni kwamba baadhi ya ruta huchungulia chini ya rundo ili zisome anwani na kuugawa mzigo sawasawa baina ya viungo kadhaa. Rundo likiwa refu mno, hazifiki chini, na ugawaji huharibika.

Basi swali lililo mbele ya mkokotoaji ni hili: akiwa amekwisha kuijua njia anayoitaka, je, ni rundo gani fupi kabisa litakaloifuata njia hiyo na si nyingine?

Jibu lake linapatikana katika maisha ya kila siku. Anayemwelekeza dereva kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hamtajii Kibaha, Chalinze na Gairo. Dereva mwenyewe atapita huko. Lakini ikiwa amtaka dereva wa Mwanza apite kaskazini badala ya katikati ya nchi, atamwambia, “Pitia Musoma.” Maagizo hutolewa pale tu ambapo dereva, akiachiwa, angekwenda kwingine. Ufupishaji wa rundo ni busara hiyohiyo iliyowekwa katika hesabu.

MFANO WA MTANDAO MDOGO

Ichukuliwe ramani ya kubuni, isiyo ya shirika lolote, ambayo gharama zake zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Njia ya kati ina viungo vitano vya gharama 10 kila kimoja: Dar es Salaam–Morogoro, Morogoro–Dodoma, Dodoma–Singida, Singida–Shinyanga na Shinyanga–Mwanza. Jumla yake ni 50. Njia ya kaskazini ina Dar es Salaam–Tanga 15, Tanga–Moshi 15, Moshi–Arusha 5, Arusha–Musoma 20 na Musoma–Mwanza 10. Jumla yake ni 65. Kuna kiungo cha kukatiza, Dodoma–Arusha, cha gharama 20. Mwisho, mji wa Iringa umeunganishwa na Morogoro kwa gharama 15 na Dodoma kwa gharama 30.

Benki moja mjini Dar es Salaam inataka njia mbili za kwenda Mwanza zisizoshiriki mtaro. Ya kwanza ni njia fupi, ile ya kati. Lebo moja ya kituo cha Mwanza yaitosha. Ya pili ni lazima ikwepe viungo vyote vya njia ya kati. Viungo hivyo vikifutwa katika ramani, mkokotoo hutoa njia ya kaskazini yenye hatua tano. Ikiandikwa kwa lebo za viungo, rundo lake lina lebo 5.

Sasa rundo lifupishwe. Ruta ya Dar es Salaam huuliza: ni kituo gani cha mbali zaidi katika njia hii ambacho njia fupi ya kawaida inakifikia kwa kufuata njia hiihii, bila ya kuwako nyingine iliyo sawa nayo? Tanga hufikiwa kwa 15, hakuna shaka. Moshi hufikiwa kwa 30 kupitia Tanga, lakini kwa 45 kupitia Dodoma na Arusha. Njia ya Tanga hushinda. Arusha ni 35 kwa kaskazini na 40 kupitia Dodoma. Kaskazini yashinda tena. Musoma ni 55 kwa kaskazini, na 60 kwa kupitia Mwanza, kaskazini yashinda. Mwanza yenyewe ni 65 kwa kaskazini, lakini 50 kwa njia ya kati. Hapa kaskazini hushindwa. Basi kituo cha mbali kabisa kinachofaa ni Musoma, na lebo yake huwekwa juu. Kutoka Musoma hesabu huanza upya: Mwanza hufikiwa moja kwa moja kwa 10, na hakuna njia nyingine ya kushindana nayo. Lebo ya Mwanza huwekwa chini. Lebo 5 zimekuwa 2, na baiti 20 zimekuwa 8.

Huenda ikatokea kwamba hata kituo kinachofuata hakifikiki kwa njia fupi. Mtu akitaka pakiti ipite kiungo cha Iringa–Dodoma, lebo ya kituo cha Dodoma haitamsaidia. Ruta ya Iringa itaipitisha Morogoro, maana huko jumla ni 25 nayo ni ndogo kuliko 30. Hapo ndipo lebo ya kiungo isipoepukika.

KANUNI YA KWENDA MBALI

Kanuni iliyotumika ni hii: kutoka ulipo, nenda mbali kadiri lebo moja inavyoweza kukufikisha bila kupotea, weka lebo, kisha anza upya. Je, kanuni hii hutoa rundo fupi kabisa daima? Jibu ni ndiyo, na sababu yake yaweza kufahamika bila hesabu za juu.

Kipande chochote cha njia fupi iliyo ya pekee nacho ni njia fupi ya pekee kati ya ncha zake. Kama kungekuwako njia nyingine ya gharama ndogo au sawa kati ya ncha hizo, ingepachikwa mahali pa kipande hicho, na njia nzima isingekuwa ya pekee tena. Sasa achukuliwe mhandisi mwingine anayepanga lebo zake kwa namna nyingine yoyote. Lebo yake ya kwanza haiwezi kumfikisha mbele kuliko ile ya kanuni, kwa kuwa kanuni imekwenda hadi mwisho wa uwezekano. Lebo yake ya pili, ikianzia nyuma na kufika kituo fulani, haiwezi kuishinda ya kanuni, inayoanzia mbele zaidi na kuhitaji kipande tu cha safari ileile. Kwa hiyo katika kila hatua mwenye kufuata kanuni yuko sawa na mwenzake au mbele yake, wala hawezi kumaliza kwa lebo nyingi zaidi.

Hata hivyo, neno “ya pekee” lina uzito mkubwa. Tuseme msimamizi wa mtandao apandisha gharama ya kiungo cha Moshi–Arusha kutoka 5 hadi 10. Badiliko ni dogo, lakini sasa Arusha ni 40 kwa kaskazini na 40 kwa kupitia Dodoma. Musoma nayo ni 60 kwa kaskazini, 60 kwa kupitia Dodoma na Arusha, na 60 kwa kupitia Mwanza. Njia zikilingana, ruta huugawa mzigo baina yake. Rundo la Musoma na Mwanza, ambalo jana lilikuwa sahihi, leo litapeleka sehemu ya pakiti za benki Morogoro, katika mtaro uleule uliokatazwa. Kanuni ikitumika upya hutoa rundo jingine: lebo ya Moshi, ambayo bado inafikiwa kwa 30 pasipo mshindani, kisha lebo ya Mwanza, kwa kuwa kutoka Moshi njia fupi ya Mwanza ni 40 kupitia Arusha na Musoma, na ifuatayo kwa ufupi ni 60. Rundo lingali na lebo 2, ila si zile za jana.

KIUNGO KINAPOKATIKA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Rundo lililofupishwa halielezi njia. Linaeleza tofauti tu kati ya njia inayotakiwa na ile ambayo mtandao ungeifuata wenyewe. Maana yake yote inategemea ramani ya wakati ule. Ramani ikibadilika, maneno ya rundo hubaki yaleyale, lakini maana yake huwa nyingine.

Irudiwe ramani ya awali, na rundo la Musoma na Mwanza. Trekta linachimba barabara na kukata kiungo cha Dodoma–Singida. Njia ya kwanza ya benki imekufa, lakini ya pili haikuguswa. Ndiyo faida iliyokusudiwa. Lakini kama kilichokatika ni kiungo cha Arusha–Musoma, mambo huwa mengine. Ruta zote hukokotoa upya. Lebo ya juu inasema, “Nifikishe Musoma kwa njia fupi,” na njia fupi iliyobaki ni ile ya kati, kupitia Mwanza, kwa gharama 60. Pakiti itapita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, itaingia Mwanza na kupita mlango wa mwenyewe aliyekusudiwa, itakwenda hadi Musoma, na huko lebo ya pili itairudisha Mwanza. Hakuna ruta iliyokosea. Kila moja imelitii agizo kama lilivyoandikwa.

Upotevu wa safari ndefu ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba benki ingali inaamini kuwa ina njia mbili zisizoshiriki mtaro, na huduma haionyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Trekta likija siku ya pili katika njia ya kati, njia zote mbili zitakufa kwa pamoja. Mtandao unaonyamaza namna hii ni wa hatari kuliko ule unaolia.

Zipo dawa mbili, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kukokotoa upya bila kuchoka. Ruta ya mwanzo, au kompyuta ya kati inayowekwa kwa kazi hiyo kwa kufuata muundo uliochapishwa mwaka 2006, husikiliza kila badiliko la ramani, huuliza kama rundo lingali likifuata njia iliyokusudiwa, na hulibadilisha au kuifuta njia ikiwa masharti hayatimizwi tena. Dawa hii huliacha rundo likiwa fupi, lakini kuna kitambo, hata kiwe kifupi namna gani, kati ya kukatika kwa kiungo na kuandikwa kwa rundo jipya. Aidha, haimfai kitu yule aliyeliandika rundo kwa mkono na kuliacha.

Dawa ya pili ni kulirudishia rundo baadhi ya ukali wake. Badala ya Musoma na Mwanza, huandikwa lebo tatu: kituo cha Arusha, kiungo cha Arusha–Musoma, kisha kituo cha Mwanza. Lebo ya kiungo yaweza kutolewa kwa namna isiyoruhusu njia ya dharura. Kiungo kikikatika, ruta ya Arusha haiwezi kulitii agizo, nayo huitupa pakiti. Kwa mtazamo wa kwanza hilo ni hasara, lakini ni hasara inayoonekana; ruta ya mwanzo itajua kwamba njia imekufa na itachukua hatua. Mwenye kutaka ukali kamili hana budi kurudia lebo zote 5, kwa sababu hata kiungo cha Tanga–Moshi au cha Musoma–Mwanza kikikatika, lebo za vituo zitatafuta njia ya kuzunguka kupitia katikati ya nchi.

Kati ya lebo 2 na lebo 5, basi, ndipo busara ya mhandisi inapotakiwa. Mzigo wa kawaida, ambao kwake kufika ni bora kuliko njia, hupewa rundo fupi. Mzigo ambao thamani yake yote ni kule kutenganishwa na mwingine hupewa lebo za viungo mahali penye hatari, kadiri kikomo cha ruta kinavyoruhusu. Programu za ruta zinazofupisha rundo aghalabu humwachia msimamizi hiari ya kuuzima ufupishaji, na hiari hiyo haikuwekwa bure.

NJIA NYINGINE ZA KUPUNGUZA LEBO

Ziko namna nyingine mbili zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni lebo ya kuwakilisha: ruta moja ya katikati hutunza rundo zima na kulipa nambari moja. Pakiti ikifika na nambari hiyo, ruta huiondoa na kubandika rundo lenyewe. Hivyo ruta ya mwanzo yenye kikomo cha lebo 3 yaweza kuagiza njia inayohitaji lebo 8, lakini kumbukumbu ambayo uelekezaji kwa vipande ulikusudia kuiondoa katikati ya mtandao inarudi kwa kiasi fulani.

Ya pili, iliyotolewa kanuni zake Februari 2023, ni kuufundisha mtandao wenyewe masharti. Kila kiungo hupakwa rangi, kwa mfano ile ya mtaro wa kati, na ruta zote huagizwa kukokotoa, pamoja na njia fupi ya kawaida, njia fupi nyingine isiyogusa rangi hiyo. Kila kituo hupata lebo ya pili inayomaanisha “nifikishe hapa kwa njia isiyo na rangi ile.” Katika mfano wa benki lebo moja ingetosha, na, lililo muhimu zaidi, kiungo cha Arusha–Musoma kikikatika, pakiti isingeingia katika njia ya kati, kwa kuwa njia hiyo haimo katika ramani ya lebo hiyo. Bei yake ni kwamba kila ruta lazima itunze majedwali zaidi, na kwamba masharti hayawezi kuwa mengi kama matakwa ya wateja.

MAFUNZO YAKE

Ufupishaji wa rundo la lebo ni kazi ndogo ndani ya ruta, isiyoonekana na mtumiaji wala na mkuu wa shirika anayelipia mtandao. Hata hivyo unagusa swali ambalo kila mwenye huduma isiyostahili kusimama, iwe benki, hospitali au ofisi ya serikali, anapaswa kulitamka anapouziwa “njia ya pili.” Asiulize tu kama njia hiyo iko. Aulize inapita mitaro gani. Maagizo yake yameandikwa kwa lebo za vituo au za viungo. Nani anayakokotoa upya kiungo kikikatika. Na je, atapewa habari siku ambayo masharti yake hayatimizwi tena, ijapokuwa huduma ingali ikienda.

Vijana wanaofundishwa uhandisi wa mawasiliano nao hawana budi kuijua kanuni hii kwa mikono yao, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuiachia mashine. Ramani ya vituo 10 hivi, kama ile iliyotumika hapa, inatosha kabisa. Mwanafunzi aikate kiungo kimoja baada ya kingine, na kila mara ajiulize pakiti itapita wapi. Atagundua kwamba kuandika rundo fupi ni kazi ya dakika chache, na kwamba kazi iliyo kubwa ni kujua rundo hilo litasema nini siku ramani itakapobadilika.